Kidonge Kilichoanzia kwa Panya

Ukikatiza Mtaa wa Kongo pale Kariakoo utamsikia kabla hujamwona: kipaza sauti kinarudia tangazo lilelile, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Wapita njia wala hawageuki. Ila baadhi ya sumu za panya ziuzwazo duniani ni ukoo mmoja na kidonge ambacho mgonjwa wa moyo wa Upanga au Kivukoni hukimeza kila siku ili asipate kiharusi.

Kidonge hicho ni warfarini. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula klova iliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link kopo la damu iliyokataa kuganda. Maabara ya Link iliikamata kemikali iliyohusika, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kuua panya. Miaka 7 baadaye Rais Eisenhower wa Marekani alipatwa na shambulio la moyo, naye akatibiwa kwa dawa hiyohiyo. Kilichobadilika ni kiasi tu.

Mmoja wa wanaoimeza leo ni mwenye atriali fibrileshoni: vyumba viwili vya juu vya moyo wake havisukumi damu sawasawa, vinatetemeka. Chumba cha kushoto kina kijifuko, na damu hutuama humo kama maji kwenye kona ya gati pale Feri. Ikituama huganda. Bonge likichomoka, safari yake mara nyingi huishia ubongoni. Hatari ya kiharusi hupanda karibu mara 5. Wapo wanaosikia moyo ukienda mbio, na wapo wasiosikia lolote mpaka siku mdomo unapopinda. Ndiyo maana napenda nesi anayeshika kifundo cha mkono wa mgonjwa hata kama mashine ya presha ipo mezani: mapigo yakienda ovyo, bila mpangilio wowote, mgonjwa apelekwe kwenye kipimo cha moyo cha ECG.

Dar es Salaam haina sababu ya kulipuuza jambo hili. Utafiti uliofanyika nchini kuanzia 2003 hadi 2006 ulikuta, tofauti za umri zikishasawazishwa, viharusi vipya takriban 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 jijini, dhidi ya 109 wilayani Hai. Mshitakiwa wa kwanza ni presha, ambayo pia huutayarisha moyo kwa fibrileshoni. Kweli, huko Hai wazee wa miaka 70 na zaidi waliokutwa na fibrileshoni hawakufika asilimia 1. Lakini kwetu ugonjwa huu hausubiri uzee. Rejista moja ya kimataifa ya wagonjwa wa fibrileshoni waliofika hospitalini, iliyokusanywa katika nchi 47, ilionyesha kwamba wa Afrika walikuwa vijana zaidi, na mmoja kati ya watano alikuwa na moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Amerika ya Kaskazini walikuwa kama 2 kwa 100.

Warfarini hupunguza viharusi hivyo kwa karibu theluthi mbili. Asprini, ambayo wengi huikimbilia, haisaidii hata robo. Tatizo la warfarini ni kuipima. Kipimo cha INR huonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani: asiyetumia dawa ana 1 hivi, mgonjwa anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linarudi, juu sana anavuja damu. Katika rejista ileile, wagonjwa wa Ulaya Magharibi walikaa ndani ya mipaka hiyo asilimia 62 ya muda. Afrika, India na China: kati ya 32 na 40.

Tembea sokoni utaona kwa nini. Kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini K nyingi, inayoipinga warfarini. Mgonjwa si lazima aviache, ila asile fungu zima wiki hii na wiki ijayo asiguse. Flagyl inayonunuliwa dukani tumbo likivuruga hupandisha INR kwa kishindo. Mchukuzi anayemeza diklofenaki kwa sababu ya mgongo anaongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu. Choo kikiwa cheusi, hospitali siku hiyohiyo. Na mama mwenye ujauzito asiendelee nayo bila daktari kujua, maana inaweza kumdhuru mtoto.

Zipo dawa mpya, kama apiksabani na rivaroksabani, zisizohitaji INR. Kwa wengi ni nafuu kubwa, ingawa bei yake ni nyingine kabisa. Hata hivyo utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 uliwashangaza wengi: kwa wenye fibrileshoni na moyo wa rumatiki, waliotumia dawa za jamii ya warfarini waliepuka vifo na viharusi zaidi kuliko wa rivaroksabani. Kwa hiyo mashine ndogo ya INR, ile ya kutoboa kidole, bado ningeitaka katika zahanati za jiji kabla ya vidonge vipya.

Halafu kuna desturi yetu ya kununua dawa vidonge viwili, vitatu, kadiri mfuko unavyoruhusu. Nguvu ya warfarini hukawia mwilini siku kadhaa. Ya apiksabani hupungua kwa nusu ndani ya saa 12 hivi, na anayesubiri mauzo ya Jumatatu ili anunue nyingine huwa amekaa Jumapili nzima bila kinga.