Skii ya Aprili Kanada: Jua ndilo refa

Wengi hudhani skii Kanada huisha baridi ikipungua. Wapi! Huko Banff, jimbo la Alberta, Lake Louise na Sunshine Village huwa bado wazi mwezi Aprili, na Sunshine kwa kawaida huendelea hadi Mei.

Ila ratiba ya siku hupangwa na jua. Asubuhi na mapema theluji iliyoganda usiku ni ngumu kama sakafu. Ukianguka, magoti yatasimulia. Jua likipanda hulainika, na hapo ndipo raha yenyewe. Alasiri inageuka uji, miguu inachoka, na nje ya njia zenye alama theluji iliyoloa inaweza kuporomoka na kumfukia mtu.

Kwa hiyo anza na miteremko inayotazama mashariki, baadaye hamia ya magharibi, kisha maliza mapema. Ukitaka kutoka nje ya njia hizo, soma kwanza taarifa ya siku ya Avalanche Canada, beba kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ya kupimia na koleo, na usiende peke yako. Kundi likisema turudi, rudini. Mlima haukimbii, kesho asubuhi utaukuta palepale.