Mtungo wa Mkanda Mweusi: Sayansi ya Mpito Kati ya Pigo na Pigo

Katika taekwondo, sanaa ya mapigano iliyopewa jina hilo nchini Korea mwaka 1955 na ambayo tangu Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 hugombewa kwa medali, ustadi wa mwanafunzi haupimwi kwa pambano peke yake. Hupimwa pia kwa pumse, yaani mtungo wa kinga, ngumi, mateke na misimamo inayofuatana kwa utaratibu maalumu dhidi ya mpinzani wa kufikirika, kama ilivyo kata kwa wachezaji wa karate. Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, hutambua mitungo minane ya Taegeuk kwa wanafunzi wa mikanda ya rangi na mingine tisa kwa wenye mkanda mweusi, wa kwanza ukiwa Koryo. Nalo shirikisho lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966 hufuata mfumo wa mitungo 24, idadi iliyochaguliwa kuwakilisha saa za siku moja.

Mitungo hiyo imekwisha kutungwa, na kazi ya mwanafunzi ni kuitekeleza kwa usahihi. Hata hivyo, baadhi ya walimu humtaka mtahiniwa wa mkanda mweusi atunge wa kwake, na katika ngazi ya dunia mitungo huru iliingizwa katika Mashindano ya Dunia ya Pumse yaliyofanyika Tunja, Colombia, mwaka 2012. Kishawishi cha kwanza cha mtungaji ni kuorodhesha mapigo magumu anayoyaweza na kuyaunganisha baadaye. Fizikia, fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, na saikolojia ya kumbukumbu zinaelekea upande mwingine, kwa kuwa kinachoutofautisha mtungo na orodha ya mapigo ni mpito, yaani kile kipande kifupi cha mwendo kinachoutoa mwili katika pigo moja na kuufikisha katika pigo linalofuata.

Mpui, iliyopo katika Wilaya ya Sumbawanga mkoani Rukwa, kando ya barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, ni mahali panapofaa kufanyia hesabu ya mpito huo. Nyanda za juu za Ufipa, iliko Mpui, zimeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga upo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika upo kwenye mita 770 hivi. Hewa nyepesi, baridi ya Juni na Julai na viwanja vya udongo ni mambo ambayo mtungaji wa huko hawezi kuyapuuza, na kila moja huugusa mpito kwa namna yake.

Hesabu ya sakafu

Kila mtungo una mchoro wake sakafuni. Mitungo ya Taegeuk hufuata alama nane za mistari mitatu mitatu zitokazo katika Kitabu cha Mabadiliko cha Wachina wa kale, na Koryo hufuata umbo la herufi ya Kichina yenye maana ya msomi. Desturi humtaka mtendaji amalizie pale alipoanzia, na sharti hilo, ambalo huonekana kuwa la adabu tu, ni la kihisabati pia: jumla ya vekta zote za hatua zake, yaani umbali pamoja na mwelekeo wa kila hatua, lazima iwe sifuri, na jumla ya nyuzi alizogeuka lazima imrudishe kutazama upande ule ule.

Kuhesabu idadi ya hatua hakutoshi. Mtahiniwa anayekwenda mbele hatua nne za msimamo mrefu na kurudi hatua nne za msimamo mfupi atajikuta mbele ya alama yake, na teke la kuruka litamsogeza zaidi. Jambo lenye uzito zaidi ni mguu upi ulio huru. Mguu uliobeba uzito hauwezi kuinuka mpaka uzito huo uhamishwe, kwa hiyo msimamo wa nyuma, ambao huweka sehemu kubwa ya uzito kwenye mguu wa nyuma, huuacha mguu wa mbele tayari kwa teke la haraka, ilhali msimamo mrefu wa mbele hudai kwanza kuhamisha kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa mwili huweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Mtungaji anayeandika “kinga, kisha teke” bila kuandika uzito upo wapi ameandika nusu ya mtungo.

Nguvu hutoka ardhini

Teke kali halianzi mguuni. Mguu wa kusimamia husukuma ardhi, ardhi nayo huurudishia mwili msukumo ulio sawa, nyonga hugeuka, paja hufuata, na mwishowe muundi hukunjuka. Kila sehemu hufikia kasi yake ya juu wakati sehemu iliyotangulia imeanza kupunguza kasi, hivyo mwendo hupokezanwa kutoka viungo vizito hadi vyepesi. Wafipa, wenyeji wa Ufipa, ambao kwa vizazi vingi wamelima kwa ntumba, yaani matuta ya mviringo yanayofukia majani ili yaoze na kuwa mbolea, wanaujua mpokezano huo kwa jembe: mkulima anayetumia mikono peke yake huchoka mapema, na anayeanzia miguuni na kiunoni huendelea hadi jua kuwa kali.

Sababu ya kuinua goti kabla ya kukunjua mguu inaelezwa na inesha ya mzunguko, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa, ambao hutegemea tungamo lake na umbali wa tungamo hilo kutoka kwenye mhimili. Umbali ukiongezeka mara mbili, ukaidi huo huongezeka mara nne. Kwa hiyo mguu uliokunjwa huzunguka kwa urahisi kuliko ulionyooka, na kasi iliyokusanywa hutolewa dakika ya mwisho. Kwa mtungaji, hitimisho lake ni kwamba pigo linalomaliza nyonga ikiwa imegeukia kushoto hufuatwa vizuri na pigo linaloanzia hapo hapo kurudi kulia. Ngumi ya mkono wa kulia inayoiacha nyonga ya kulia mbele haiwezi kufuatwa na ngumi nyingine ya mkono ule ule yenye uzito sawa, isipokuwa mwili urudi kwanza, na kurudi huko ama kufichwe ndani ya kinga, ama kuonekane kama mwanya.

Kuruka, kuzunguka na kutua

Mateke ya kuruka ndiyo yanayovutia macho, na ndiyo yenye mipaka iliyo wazi kuliko yote. Muda wa kukaa hewani huamuliwa na mvutano wa dunia pamoja na kimo ambacho kitovu cha uzito kimepanda: anayepanda sentimita 20 hukaa hewani sekunde 0.4 hivi, na anayepanda sentimita 40, ambacho ni kimo kikubwa, hukaa sekunde 0.57 tu. Kimo kikizidishwa mara mbili, muda huongezeka kwa takriban mara 1.4. Miguu ikishaachana na ardhi, hakuna kinachoweza kuongeza wala kupunguza momenta ya mzunguko, yaani kiasi cha mzunguko ambacho mwili umeondoka nacho. Mtendaji anaweza tu kubana mikono ili azunguke kwa kasi zaidi, au kuitanua ili apunguze kasi. Kwa sababu hiyo teke la kuruka la nyuzi 540, ambalo ni mzunguko mmoja na nusu, hufaulu au hushindwa kabla ya kuruka, katika hatua inayolitangulia.

Kutua nako kuna hesabu yake. Mtu anayeshuka kutoka sentimita 50 na kusimama ndani ya sentimita 10 za kukunja magoti huibana ardhi kwa kani ya wastani iliyo sawa na mara sita ya uzito wake. Akijipa sentimita 25, kani hiyo hushuka hadi mara tatu. Kwa hiyo teke la kuruka lifuatwe na msimamo wa chini, ambao huugeuza mkunjo wa magoti kuwa sehemu ya mtungo, badala ya kufuatwa na msimamo wima unaolazimisha viungo kumeza kani yote kwa ghafla. Kwenye uwanja wa udongo, msuguano huongeza tahadhari nyingine: ardhi yenye vumbi huuachia unyayo uteleze, na ardhi kavu inayoparuza huushika, na unyayo ulioshikwa wakati nyonga inageuka huhamishia msokoto kwenye goti, kiungo kilichoumbwa hasa kwa kukunja na kukunjua. Mtungaji wa Mpui asiye na zulia la mazoezi ana sababu ya kisayansi ya kupunguza mizunguko ya mguu mmoja, na kuizidisha ile inayofanywa kwa kupiga hatua.

Mizunguko hii huuathiri pia mfumo wa usawa. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye kimiminika, ambacho huendelea kwenda hata mwili ukishasimama, na ubongo hudanganyika kuwa mzunguko bado haujaisha. Keumgang, mtungo wa pili wa mkanda mweusi, una msimamo wa korongo, ambamo mtendaji husimama kwa mguu mmoja bila kuyumba; msimamo wa aina hiyo ukiwekwa mara tu baada ya mizunguko mitatu, kosa litaonekana kwenye msimamo ingawa limetokana na mpangilio.

Pumzi ya nyanda za juu

Mtungo huru wa mashindano ya dunia huchukua sekunde 90 hadi 100, muda ambao unavuka akiba zote za haraka za mwili. Sekunde 10 za kwanza hutegemea zaidi kreatini fosfati, kemikali iliyohifadhiwa ndani ya msuli. Kisha uchomaji wa sukari bila oksijeni hushika nafasi, na katika juhudi kubwa inayofika sekunde 75 hivi mchango wa oksijeni huwa umekaribia nusu ya nishati yote.

Katika mwinuko wa mita 1,800 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Teke moja haliathiriki, kwa kuwa halingoji oksijeni. Kinachoathirika ni urejeshaji wa akiba kati ya teke na teke, yaani mpito. Aliyezaliwa Ufipa amekwisha kuzoea, kwa kuwa figo huchochea utengenezaji wa seli nyekundu za damu pale oksijeni inapopungua, lakini anayepanda kutoka Dar es Salaam kuja kufanya mtihani huhitaji wiki kadhaa ili mwili wake ufuate. Kwa wote wawili, mapigo ya polepole yaliyowekwa baada ya fungu la mateke makali huupa msuli nafasi ya kurejesha sehemu ya akiba yake, na pigo gumu kuliko yote halifai kuachwa kwa sekunde za mwisho. Asubuhi za Juni na Julai huongeza sharti jingine, kwani msuli wenye baridi hujikaza polepole na kutoa nguvu kidogo. Kupasha mwili moto mpaka jasho lianze kutoka ni sehemu ya mtihani wenyewe.

Kumbukumbu hushika mafungu

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba kwa wakati mmoja, na mwaka 2001 Nelson Cowan alitetea hesabu ndogo zaidi, ya vinne hivi. Mtungo wa mapigo 30, kama Koryo, hauwezi kukaa humo ila kwa kufungwa katika mafungu, ambapo mapigo matatu au manne yanayofuatana hugeuka kuwa tendo moja. Mwendo huchelewa kidogo kwenye mpaka wa fungu na fungu, na hapo ndipo mtahiniwa mwenye hofu husahau.

Jaribio la John Shea na Robyn Morgan la mwaka 1979 lilionyesha kuwa wanaofanya mazoezi ya miendo mbalimbali kwa kuichanganya huonekana wabaya zaidi siku ya mazoezi, lakini hukumbuka vizuri zaidi baadaye kuliko wanaorudia mwendo mmoja mpaka uishe. Mtungaji anaweza kulitumia jambo hilo kwa kuanza mazoezi yake kwenye mipito: leo aanzie mwisho wa fungu la pili na kuingia la tatu, kesho aanzie katikati, mpaka asiwe na mahali pa lazima pa kuanzia.

Mwili wa mtungaji

Hesabu hizi zote hazitoi mtungo mmoja bora, kwa kuwa kila mwili una vipimo vyake. Parfait Hakizimana, mkimbizi kutoka Burundi aliyefundisha taekwondo katika kambi ya Mahama nchini Rwanda, alishiriki Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, katika timu ya wakimbizi, akiwa na ulemavu wa mkono. Mikono huusawazisha mwili wakati mguu unarushwa. Mwenye mkono mmoja wenye nguvu hulazimika kuupata usawa huo kwenye kiwiliwili au kwenye upana wa msimamo, hivyo mipito inayomfaa haiwezi kunakiliwa kutoka kwa mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa mrefu na mfupi, kwa mwenye nyonga nyepesi na mwenye nyonga nzito.

Walimu wanaotoa mtihani wa namna hii, Rukwa na kwingineko, wana njia rahisi ya kuupima ubunifu wa mtahiniwa: wamsimamishe mahali popote katikati ya mtungo na kumwuliza uzito wake upo mguu gani, nyonga yake imeelekea wapi, na kwa nini pigo linalofuata ni lile na si jingine. Anayeweza kujibu ametunga. Asiyeweza kujibu amepanga mapigo tu, hata kama ameruka juu kuliko wenzake wote.