Chinchila Wawili Katika Kizimba Kimoja

Katika miteremko mikavu ya milima ya Andes, nchini Chile, huishi mnyama mdogo mwenye masikio ya mviringo, macho makubwa meusi na mkia wa manyoya. Huyo ndiye chinchila. Ni mnyama mgugunaji, na kwa nasaba yu karibu zaidi na ndezi, nungunungu na simbilisi kuliko panya wa nyumbani. Manyoya yake ndiyo yaliyomponza. Katika kinyweleo kimoja cha ngozi, ambapo mwanadamu huota unywele mmoja au nywele chache, chinchila huota nyuzi 50 na zaidi. Kwa ajili ya ulaini huo aliwindwa hata akakaribia kutoweka, na mwaka 1910 nchi za Argentina, Bolivia, Chile na Peru ziliafikiana kupiga marufuku uwindaji wake. Hata hivi leo, chinchila wa porini wangali katika hatari ya kutoweka.

Chinchila wafugwao majumbani huko Ulaya na Marekani hawatoki porini. Mwaka 1923, Mathias Chapman, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa migodi nchini Chile, alisafirisha chinchila wapatao 11 hadi California, baada ya kuwateremsha milimani polepole ili wazoee hewa ya nchi za chini. Husemwa kwamba wengi wa wafugwao sasa ni uzao wa hao wachache. Hapo kwanza walizalishwa kwa ajili ya ngozi. Kuwafuga kwa mapenzi kulikuja baadaye. Hata hivyo miaka mia moja ya kizimbani haikufuta tabia ya asili. Huko milimani chinchila huishi kwa makundi, pengine ya wanyama wapatao 100, wakijisitiri mchana katika nyufa za miamba na kutoka jua likizama.

Kwa sababu hiyo, mtu anayefuga chinchila kwa mara ya kwanza hushauriwa achukue wawili. Ni ushauri mwema, lakini ukifuatwa bila maarifa waweza kumgharimu mmoja wao uhai wake. Chinchila hamwoni kila chinchila kuwa ni mwenzake. Mgeni aliyetiwa ghafla katika kizimba cha mwenyeji huonekana kuwa mvamizi, na meno yale yale yagugunayo matawi huweza kukata sikio au kidole, au hata kuua, kwa muda mfupi sana.

Njia iliyo nyepesi ni kuchagua ndugu wawili wa jinsia moja ambao hawajatenganishwa tangu kuzaliwa. Mimba ya chinchila huchukua siku 111 hivi, na mtoto huzaliwa macho yakiwa wazi na manyoya yakiwa tayari mwilini. Baada ya majuma manane hivi huweza kuachana na mama yake. Dume na jike hawamfai mfugaji mgeni, kwa kuwa jike huweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa. Hapa ndipo wengi hukosea, tena si wanunuzi tu. Jike ana kijipande cha nyama kichomozacho kwenye njia ya mkojo, nacho hufanana mno na uume. Alama ya kuaminika ni nafasi iliyopo kati ya kiungo hicho na tundu la haja kubwa: kwa dume nafasi hiyo ni pana na dhahiri, kwa jike karibu haipo. Inafaa pia kutazama kidevu. Kidevu kilicholowa mate aghalabu ni dalili ya ugonjwa wa meno, kwani meno ya chinchila hukua maisha yake yote.

Ikiwa wawili hao ni wageni kabisa, kazi ni ya majuma, pengine ya miezi. Vizimba viwili huwekwa karibu, lakini kwa nafasi ya kutosha ili mmoja asimng'ate mwenzake vidole. Chinchila haogi kwa maji, bali hugaagaa katika vumbi laini. Basi bakuli la vumbi alilogaagaa mmoja hupewa wa pili, na harufu ya mgeni hugeuka kuwa harufu ya kawaida. Baadaye hukutanishwa mahali ambapo si pa yeyote kati yao, mathalani chumba kidogo chenye ubaridi. Ubaridi si anasa: joto linapopita nyuzi 25 za Sentigredi manyoya yale huanza kuwa mzigo, na likizidi sana huua. Mombasa au Dar es Salaam mnyama huyu angeteseka vibaya.

Katika mkutano wa kwanza, kufukuzana kidogo na kupandana si ugomvi, hata kwa madume mawili au majike mawili. Ndivyo wanavyoamua nani mkubwa. Jike aliyekasirika husimama kwa miguu ya nyuma na kumrushia mwenzake mkojo. Hilo nalo lavumilika. Lakini vishungi vya manyoya vikitapakaa sakafuni, au meno yakigongana, watenganishwe mara moja, kwa taulo nene wala si kwa mikono mitupu. Damu ikitoka, kazi yote huanza upya.

Dalili njema haina kelele. Mmoja huchambua manyoya ya mwenzake kidevuni na nyuma ya masikio, kisha asubuhi moja hukutwa wamelala ubavu kwa ubavu juu ya ubao mmoja. Hapo huweza kuhamia kizimba kimoja kilichosafishwa vyema, chenye vijumba vya kujificha vyenye milango miwili kila kimoja, ili anayefukuzwa asibanwe ndani. Wapo wasiopatana kamwe, na hao huishi vema zaidi wakitazamana tu kutoka vizimba vyao. Na kwa kuwa chinchila huweza kuishi miaka 15 na zaidi, na wawili waliozoeana huweza kukosana baada ya mmoja kuugua na kutengwa kwa siku chache, kizimba cha pili hakifai kuuzwa.