Siku Nne Zilizogeuka Saa Nne

Mwishoni mwa Julai 2006, mgonjwa wa saratani mwenye umri wa miaka 43 alitoka kliniki mjini Edmonton, Kanada, akiwa amefungiwa pampu ndogo yenye dawa iitwayo fluorourasili. Miligramu 5,250 zilipaswa kumwingia polepole kwa muda wa siku 4. Zilimwingia kwa muda wa saa 4. Alifariki dunia Agosti 22.

Dawa ilikuwa sahihi, na kiasi chake kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kipimo cha wakati. Mgonjwa alihitaji mililita 28.8 kwa siku, yaani mililita 1.2 kwa saa. Pampu ilipokea kasi kwa saa. Hesabu ya kugawanya kwa 24 ikasahaulika, na pampu ikawekewa 28.8. Lebo ya dawa ilikuwa na namba zote mbili, na hata muuguzi wa pili aliyehakiki hakuliona kosa.

Uingereza nayo ilikuwa na somo kama hilo. Pampu mbili za sindano zilizofanana sana zilitumika kwa miaka mingi: MS16A ilihesabu milimita kwa saa, na MS26 milimita kwa saa 24. Waliozichanganya waliwapa wagonjwa dawa mara 24 zaidi, au mara 24 pungufu. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa wagonjwa iliagiza zibadilishwe hatua kwa hatua kwa pampu zinazohesabu mililita kwa saa.

Kumlaumu muuguzi pekee hakutoshi, kwa kuwa mtambo unaopokea namba tupu humwachia mwanadamu aliyechoka kazi ya kukumbuka kipimo. Watengenezaji wa programu waonyeshe kipimo kando ya kila namba, kiwe kimoja katika mipangilio yote, na kabla ya pampu kuanza, skrini itamke wazi: “Dawa itaisha baada ya siku 4.”

Nasi wahudumu tuandike “kwa saa” au “kwa siku” kwa maneno kamili, na mhakiki wa pili afanye hesabu yake mwenyewe kabla ya kuona ya mwenzake.

Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza: “Dawa hii inatarajiwa kuisha lini?” Ukiona inakwisha mapema kuliko ulivyoambiwa, rudi hospitali mara moja, hata kama hujisikii vibaya.