Mama Darasani, Mtoto Jirani

Mwaka 1974 Azimio la Musoma nchini Tanzania liliagiza kwamba mwanafunzi amalizapo shule ya sekondari asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza alitumikie taifa kwa kazi, athibitishwe na wale aliofanya kazi pamoja nao, ndipo aombe nafasi. Nia ya agizo lile ilikuwa njema, maana lilitaka elimu isitengane na jasho. Lakini kwa wanawake lilizaa jambo lisilokusudiwa, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa, na aliyekwisha kupata mtoto mgongoni hakuona mlango wa kupitia naye. Idadi ya wanawake chuoni ikapungua, hata ilipofika 1976 wakaondolewa sharti lile, wakaruhusiwa kuingia mara wamalizapo kidato cha sita. Dawa hiyo ilifaa, wala siilaumu. Ila yatupasa kuitazama vema, kwani ilimnusuru msichana kwa kumwahisha darasani kabla hajawa mama, na mama mwenyewe ikamwacha pale pale alipokuwa.

Kinachomtoa mama chuoni si uvivu wala udhaifu wa azma, kama wasemavyo wenye haraka ya kuhukumu; mara nyingi ni maziwa. Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama huachia homoni iitwayo prolaktini, nayo huyaamrisha matiti yatengeneze maziwa mengine. Kadiri yanavyotoka ndivyo yanavyotengenezwa, na yasipotoka, titi hujaa, huwa gumu, huuma, pengine huleta homa, kisha mwili huyapunguza maziwa kana kwamba mtoto hayahitaji tena. Kuyakamua na kuyaacha nyumbani ni msaada mkubwa penye jokofu. Pasipo jokofu hayafai kuwekwa zaidi ya saa nne, tena katika chumba kisichozidi joto la nyuzi 25, ilhali vyumba vingi vya pwani huzidi kiasi hicho kabla ya adhuhuri. Shirika la Afya Duniani lanasihi kwamba mtoto apewe maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata atimize miaka 2 au zaidi. Nazo kozi ndefu za ufundi aghalabu huchukua mwaka 1 hadi 2. Basi haki ya mtoto na masomo ya mama huangukia kipindi kimoja, na amwambiaye mama achague moja amemtaka amwibie mmoja ili amlipe mwingine.

Mbegu ya jawabu ilikuwa imepandwa nchini mwaka mmoja tu baada ya Musoma. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano wa vyuo vya watu ambavyo Mwalimu Nyerere alivipenda katika nchi za kaskazini ya Ulaya, vyenye asili katika fikra za Mdenmaki N.F.S. Grundtvig na katika chuo kilichofunguliwa Rødding mwaka 1844. Shabaha yake ilikuwa mtu mzima, mwenye shamba na aila, aje ajifunze jambo la kumfaa kijijini kwake. Leo vyuo hivyo ni 54, vya Kisarawe, Bigwa, Ikwiriri, Newala na kwingineko. Na katika mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa pamoja na shirika la Karibu Tanzania, wasichana waliokatizwa shule, wengi wao kwa ajili ya mimba, hupokewa wakasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na watoto wao wakalelewa pale pale chuoni.

Lakini chumba chenye watoto si lazima kiwe kituo cha malezi. Kwanza kiwe karibu, mama aweze kwenda, kunyonyesha na kurudi baina ya kipindi na kipindi. Kikiwa mbali, maziwa yatakauka kama vile kisingekuwapo. Pili, saa zake zifuate ratiba ya chuo, pamoja na siku za mtihani na jioni za kujisomea, kwani mlango ufungwao saa tisa humtoa mama darasani saa nane na nusu. Tatu, mlezi awe amefunzwa kazi yake na apate ujira wake, ajue kupika uji, kuitambua homa mapema, na kuzungumza na mtoto asiyejua bado kusema, maana lugha ya mtoto huanza kujengwa katika miezi hiyo hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, kisha arudipo kazini humruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo saa hizo mbili huzipata kwa hisani ya mwalimu wake. Na hisani, ijapokuwa ni tabia ya kushukuriwa, hubadilika mwalimu abadilikapo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni, nayo ni insafu iliyongojwa kwa muda mrefu. Ili ruhusa hiyo itimie vyuoni, nafasi apewayo mama na ihesabiwe kuwa mbili, moja ya dawati na moja ya mkeka. Na ujira wa mlezi uandikwe katika fungu lile lile la ujira wa mwalimu, kwani kipindi cha hesabu kinapoendelea, wote wawili wanafundisha.