Chupa ya Dodoma, Meza ya Shishiyu: Namna ya Kuonja Mvinyo wa Bei Nafuu

Kwa watu wengi wa Simiyu mvinyo ni kinywaji cha harusi, kipaimara na Krismasi. Chupa hununuliwa kwa heshima, hufunguliwa kwa hotuba, na mara nyingi nusu yake hubaki mezani kwa sababu wageni wameiona chachu au kali. Wanaondoka wakiamini kwamba mvinyo mtamu mdomoni ni ule wa bei kubwa, unaonywewa na watu wa Dar es Salaam na Arusha. Imani hiyo inawanyima raha iliyo karibu nao. Chupa ya kawaida inaweza kuwa nzuri sana ikichaguliwa kwa kujua, ikitunzwa mbali na joto na ikiwekwa pamoja na chakula kinachoifaa. Mambo hayo matatu yanawezekana hapa kwetu Shishiyu kama yanavyowezekana popote.

Tuanze na ulimi. Mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochachushwa. Hamira hula sukari ya tunda na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni. Aliyekua akiona kimea cha mtama kikigeuka pombe anaijua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba mtama lazima kwanza uoteshwe ili wanga wake uwe sukari, ilhali zabibu huja na sukari yake tayari. Kwa hesabu ya watengenezaji, kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Zabibu zilizoiva vizuri juani hutoa mvinyo wa asilimia 12 hadi 14 bila kuongezewa kitu.

Mambo manne yanatosha kumwongoza anayeanza: utamu, uchachu, ukakasi na nguvu ya kilevi. Utamu ni sukari iliyobaki baada ya hamira kumaliza kazi. Lebo ikisema "Dry", karibu sukari yote imeliwa. Ikisema "Sweet", imebaki nyingi au imeongezwa. Uchachu ndio unaojaza mate mdomoni, na anayekunywa maji ya ukwaju anaujua. Ukakasi ni ile hali ya fizi na ulimi kukauka kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwa hiyo mvinyo mwekundu, unaochachushwa pamoja na maganda, huwa nao kuliko mweupe. Kilevi huonekana kama joto kooni baada ya kumeza.

Mvinyo mzuri ni ule ambao hakuna hata moja kati ya mambo haya manne linaloyafunika mengine. Utamu usio na uchachu huchosha baada ya glasi moja. Uchachu usio na mwili wa tunda huonekana kama siki. Ukiweza kusema ni kipi kimezidi, umeshaacha kusema tu kwamba chupa ni mbaya, na safari ijayo utajua la kumuuliza muuzaji.

Chupa iliyo karibu zaidi nasi inatoka Dodoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu Bihawana, wakihitaji divai ya altare. Kilimo hicho kikaenea kwa wakulima wadogo wa Mpunguzi, Hombolo, Mvumi na baadaye Chinangali. Leo viwanda kama Cetawico kilichoko Hombolo na Alko Vintages hununua zabibu za wakulima na kuzikamua kuwa mchuzi wa zabibu, kisha huchachusha na kujaza chupa. Aina nyekundu iliyozoeleka zaidi huitwa Makutupora, jina la eneo lenye kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa jiji. Aina nyeupe inayojulikana sana ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa na ambayo Afrika Kusini wanailima kuliko nchi nyingine yoyote.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina mvua chache za msimu mmoja, na usiku wake hupoa. Kwa kuwa hakuna majira ya barafu, mzabibu haulali kama unavyolala Italia. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na mwezi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya masika hupambana na ukungu na maji mengi yanayopunguza sukari kwenye tunda. Yale ya kiangazi huiva chini ya anga kavu, na ladha yake hujikusanya zaidi. Mtu wa Simiyu, anayeijua pamba na mtama wa nchi kavu, anaweza kuielewa zabibu ya Dodoma kuliko anavyodhani.

Bei nayo ina sababu zake. Kwa miaka mingi sheria ya ushuru wa bidhaa imetenga mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za Tanzania, ukatozwa ushuru mdogo sana kwa lita ukilinganishwa na mvinyo mwingine. Chupa ya nje hubeba pia gharama ya meli, forodha na safari ndefu. Ukikuta chupa ya Dodoma ina bei ndogo kuliko ya Afrika Kusini iliyo pembeni yake, usidhani bei inakwambia ubora. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kodi na nauli. Chupa za Afrika Kusini nazo zina nafasi yake mezani. Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuzalisha Pinot Noir na Cinsaut pamoja, hutoa mvinyo mwekundu wenye harufu ya moshi unaokubaliana sana na nyama choma.

Sasa niseme jambo ninaloliona kuwa zito kuliko bei na jina la chupa: joto. Mvinyo hupenda kukaa kwenye nyuzi 13 hivi, na huvumilia hadi karibu 20 mradi hali isibadilikebadilike. Mchana wa Maswa hufika nyuzi 30, na duka lenye bati bila dari huzidi hapo. Chupa iliyokaa miezi kwenye rafu ya juu, chini ya bati, au dirishani panapopigwa na jua, hupikika polepole. Harufu ya tunda hupotea, ladha huelekea sukari iliyoungua, na kizibo huweza kusukumwa nje. Mteja huonja, hukunja uso, hulaumu Dodoma. Kumbe kosa lilitokea dukani.

Kwa hiyo chagua chupa kwa macho kabla ya kutoa hela. Iombe ile iliyokaa chini, gizani, au kwenye boksi lake. Tazama kizibo kama kimeinuka, na shingo kama ina alama ya mvinyo uliovuja. Tazama rangi: mweupe uliogeuka kahawia umechoka. Hakikisha ina nembo ya TBS na stempu ya kodi. Kifuniko cha kuzungusha kisikutie shaka; kwa mvinyo wa kunywa ndani ya mwaka mmoja au miwili huzuia hewa vizuri na hakihitaji kifungulio.

Ukifika nyumbani bila jokofu, fanya kile ambacho mtungi wa udongo hufanya kwa maji. Ifunge chupa kwa kitambaa kilicholowa, iweke kivulini penye upepo, na ulowanishe tena kitambaa kinapokauka. Maji yanayogeuka mvuke huchukua joto la chupa, na kiangazi hewa ikiwa kavu kazi huenda haraka. Mvinyo mweupe hupendeza zaidi ukiwa na nyuzi 8 hadi 12, ubaridi ambao kitambaa peke yake hakiufikishi bila barafu au jokofu, lakini hata kupoa kidogo kunausaidia. Mwekundu nao upoe kidogo, nyuzi 16 hadi 18. Ukinywewa na joto la mchana wetu, kilevi hujitokeza na kuficha tunda.

Kuonja si sherehe ya siri. Tumia glasi safi isiyo na rangi, mimina hadi theluthi moja tu, zungusha ili harufu ipande, nusa, kisha chukua funda dogo na ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Jiulize yale manne, halafu sema harufu inakukumbusha nini katika maisha yako: zambarau, embe, tumbaku kavu, udongo uliopata mvua ya kwanza. Vitabu vya nje hutaja matunda ya baridi ambayo wengi wetu hatujayaonja, wala huna deni la kuyanusa.

Njia nzuri na ya nafuu ni kuchanga. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50. Watu kumi wakinunua chupa tatu, moja nyeupe ya Dodoma, moja nyekundu ya Makutupora na moja tamu, kila mmoja ataonja zote tatu na vitabaki vionjo vya kurudia. Anza na nyeupe, fuata nyekundu, malizia na tamu, maana sukari ikitangulia, inayofuata itaonekana chachu bure.

Chakula ndicho humaliza kazi. Sato wa kuchoma mwenye ndimu na chumvi anaenda na mvinyo mweupe usio na sukari. Uchachu hukutana na uchachu, na mafuta ya samaki husafishwa ulimini. Dagaa na samaki wakavu waepushe na mwekundu wenye ukakasi, kwani pamoja huacha ladha ya chuma. Mbuzi wa kuchoma ndiye rafiki wa huo mwekundu, kwa sababu mafuta na protini ya nyama hushika ukakasi na kuulainisha. Pilipili ikizidi, kilevi huiongezea moto. Chagua mvinyo wenye utamu kidogo na nguvu ndogo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, inayoliwa Usukumani kote, inataka mvinyo mtamu, maana chakula kikiwa na sukari kuliko kinywaji, kinywaji hugeuka chachu. Jaribuni hilo jioni moja na nina hakika mtarudia.

Kipimo kisisahaulike. Chupa moja ya asilimia 13 ina karibu mililita 98 za kilevi, sawa na bia nne za nusu lita zenye asilimia 5. Glasi moja au mbili pamoja na chakula zinatosha. Mjamzito, mtoto chini ya miaka 18, dereva wa bodaboda au gari, na anayemeza dawa kama metronidazole wasiguse kabisa. Kilichobaki kizibwe na kiwekwe penye ubaridi, kinywewe ndani ya siku mbili tatu kabla hewa haijakigeuza siki.

Nawaomba wasomaji wa Shishiyu, Malampaka, Maswa na Bariadi jambo moja. Mnaponunua chupa, mwambieni mwenye duka kwa nini mmekataa ile iliyokaa juani na kuchukua iliyokaa chini. Mfanyabiashara husikiliza mteja anayelipa. Akizishusha chupa zake kutoka chini ya bati, mkulima wa Hombolo atakuwa amepata haki ya jasho lake, na ninyi mtakunywa mvinyo kama ulivyotoka kiwandani, kwa bei ileile.