Dhahabu ya Biharamulo na Nikeli ya Ngara

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zapakana, na kila moja ina metali yake ardhini. Ya Biharamulo ni dhahabu, ambayo mgodi wa Tulawaka ulianza kuitoa mwaka 2005 na ambayo wachimbaji wadogo huitafuta pia. Ya Ngara ni nikeli ya Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, iliyogunduliwa katika utafiti wa miaka ya 1970. Mchimbaji mwenye karai na maji, akibahatika, huondoka jioni na punje za dhahabu. Nikeli hataipata kwa njia hiyo, hata akiosha mawe ya Kabanga mwaka mzima. Kosa si la karai. Tofauti imo katika namna atomu za metali hizo zinavyokaa ndani ya mwamba.

Dhahabu ni elementi isiyoungana na nyingine kwa urahisi. Ndani ya mawe ya kwazi hukaa ikiwa dhahabu halisi, hata punje zake zikiwa ndogo mno kuonekana kwa macho. Basi jiwe hilo ni mchanganyiko tu: kila kilichomo kimehifadhi tabia zake. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya kwazi gramu 2.65. Jiwe likipondwa na kuoshwa, maji huchukua unga wa kwazi, dhahabu ikabaki chini. Wachimbaji wengi huongeza zebaki ili inase punje ndogo, kisha huichoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuwa mvuke. Dhahabu hubaki ile ile. (Mvuke huo ni sumu ya ubongo na figo, wala jikoni penye watoto si mahali pa kuuchomea.)

Mambo ya Kabanga ni mengine. Nikeli yake imo hasa katika madini yaitwayo pentilandaiti, ambayo ni kampaundi: atomu za nikeli, chuma na salfa zimefungamana. Uwiano wa chuma na nikeli hubadilika kidogo, lakini kwa hesabu za darasani yafaa kuandika Fe₉Ni₉S₁₆. Tabia za nikeli zimekwisha kupotea humo, na maji hayawezi kufungua kifungo cha kikemia.

Hapa ndipo moli inapohitajika. Muuza misumari hahesabu mmoja mmoja. Hupima kilo, kwa kuwa ajua uzito wa msumari. Mwanakemia naye hupima gramu ili ajue idadi ya atomu. Moli moja ni chembe 6.02 × 10²³, na uzito wake ni gramu 59 kwa nikeli, 56 kwa chuma na 32 kwa salfa. Kwa hiyo katika moli moja ya pentilandaiti nikeli ni 9 × 59, yaani gramu 531. Chuma ni gramu 504, na salfa ni 16 × 32, yaani gramu 512. Jumla ni 1,547, na nikeli ni kama asilimia 34 tu.

Msomaji aitazame salfa. Kila kilo ya nikeli huja na karibu kilo nzima ya salfa. Madini hayo yakichomwa tanuruni, kila atomu ya salfa huchukua atomu mbili za oksijeni na kuwa gesi ya dioksidi ya salfa, gramu 64 kwa moli. Moli 16 ni gramu 1,024: karibu kilo mbili za gesi kwa kila kilo ya nikeli. Mwamba wa Kabanga una pia pirotaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo huongeza kiasi hicho. Gesi hiyo huwasha mapafu, na ikikutana na mvua huifanya kuwa asidi inayodhuru mimea.

Mwezi wa Januari 2021 serikali ilitia sahihi makubaliano ya kuchimba nikeli hiyo na kuisafishia nchini, ikipata hisa za asilimia 16. Popote itakaposafishiwa, salfa lazima iende mahali. Ikinaswa yote, moli zile 16 hutoa gramu 1,568 za asidi ya salfa, karibu kilo tatu kwa kila kilo ya nikeli. Na asidi hiyo ndiyo hutumika viwandani kugeuza mawe ya fosfati kuwa mbolea.